Kwa Mama Vitenge: Barua zenu za zawadi za Krismasi

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko za mwezi wowote, na karibu zote zina swali moja lililovaa nguo tofauti: fulani nimpe nini, na nikimpa hiki atanielewaje? Nimeuza vitenge na kanga Kariakoo miaka 19, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Sikukuu. Kila Desemba nimewaona watu wakinunua kwa pupa, jasho linatiririka, mfuko mmoja begani na mwingine kichwani, simu inaita kwamba basi linaondoka. Kwa hiyo nawajibu kama mtu aliyekaa upande wa muuzaji, na pia kama binti wa Kibosho ambaye kila mwaka naye hufunga mizigo. Nimechagua barua saba. Zilizobaki nimezisoma zote, nitaziendea toleo lijalo.

*

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, naendesha bodaboda Mbagala. Kwetu ni Rombo. Krismasi tatu zimepita sijaenda nyumbani kwa sababu sina cha kupeleka. Kaka zangu wawili wana magari, wakifika wanashusha magunia na kreti za soda mlangoni. Mimi nisimame wapi? Mwaka huu kwenye kibubu changu nina shilingi 210,000. Rafiki yangu anasema kuna mkopo wa haraka wa kwenye simu, naweza kuongeza 300,000 ili na mimi nionekane. Mama yangu ana miaka 71. Nifanye nini?
— Kijana wa Mbagala

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la mkopo tulimalize: usikope. Ile mikopo wanayoiita kausha damu imepewa jina na watu waliokaushwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na nawajua mabinti wawili wa pale sokoni ambao picha zao zilisambazwa kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu zao kwa sababu ya deni la chini ya laki moja. Wewe unaishi kwa pikipiki. Januari deni likifika kwenye pikipiki, umemnunulia mama yako nini?

Sasa nikusimulie habari ya mama yangu mwenyewe, maana nadhani itakusaidia kuliko ushauri.

Mama alifariki mwaka 2013. Baada ya matanga tukafungua sanduku lake la bati, lile alilokuwa akilifunga kwa kufuli ndogo na ufunguo kuufunga kwenye pindo la kanga. Ndani tulikuta mablanketi saba. Manne yalikuwa bado kwenye nailoni. Tulikuta doti kumi na moja za vitenge ambazo hazijaguswa na fundi, na sita kati ya hizo nilizitambua, nilimchagulia mimi kwa mkono wangu, wax nzuri za kung'aa. Nilijua hata mwaka wa kila moja. Halafu nikaenda jikoni kuchemsha maji ya chai ya wageni. Sufuria kubwa ilikuwa imezibwa kitako mara tatu. Ndoo haikuwa na mshikio, alikuwa ameifunga kamba ya mgomba. Nje ya mlango wa zizi palikuwa na kandambili zake, mkanda wa moja umeunganishwa kwa waya.

Kila Krismasi tulikaa kando ya moto huo huo, tukala machalari kutoka sufuria hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia chini. Nilikuwa nampelekea kile nilichotaka majirani waone nimempelekea. Yeye akashukuru kila mara, akakifungia sandukuni.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujanunua hata kijiko, mpigie simu mtu anayeishi na mama kila siku. Labda dada yako, labda mtoto wa jirani anayemtekea maji. Usimuulize "mama anataka nini?" Mzazi akiulizwa hivyo jibu ni lile lile, njoo tu mwanangu, sisi wazima. Uliza, "Hapo nyumbani nini kimeharibika?" Utashangaa. Utaambiwa koki inavuja tangu Agosti, tochi imekufa, bati moja la zizi limepeperushwa na upepo, mama hasomi tena kitabu cha nyimbo kanisani kwa sababu hauoni mstari. Vingi kati ya hivyo havifiki shilingi 30,000. Kinachokosekana ni mtu wa kuviona.

Hela yako igawe hivi. Nauli ya kwenda na kurudi itoe kabla hujagusa kitu kingine, na ya kurudi uifiche mahali usipofikia kirahisi. Tiketi kakate mapema, ndani ya ofisi ya basi lenyewe pale stendi ya Magufuli, Mbezi, si kwa mtu aliyekudaka mkono getini. Desemba wapo wanaouza kiti kimoja kwa watu watatu. Ulizia pia treni. Ilirudi njia ya Moshi Desemba 2019 baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila abiria, na kwa mtu wa kipato chako siku inapokuwepo inaokoa hela nyingi. Ukishatoa nauli, nunua vile vya heshima ambavyo mtu wa kwetu haingii uani bila kuwa navyo: sukari, majani ya chai, mchele kidogo, sabuni ya mche. Kinachobaki ndicho cha ile koki au ile miwani.

Halafu unayo zawadi moja ambayo kaka zako hawana, nayo ni siku. Wao watafika tarehe 24 usiku na kuondoka 27. Wewe fika tarehe 21. Palia kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, toa majani makavu, kata majani ya ng'ombe ya siku tatu uyapange, rudishia lile bati. Wakiingia na magari yao watakukuta una panga mkononi na udongo magotini, na mama amekaa kibarazani anakuelekeza. Hutauliza tena usimame wapi.

Na kwa kuwa umepotea miaka mitatu, usiingie mikono mitupu kwa jambo hilo. Wewe ni Mchagga, unajua. Kata jani la sale, lile la kuombea msamaha, pale mpakani mwa kihamba, mpe mama kwa mikono miwili kabla hujafungua begi. Hutahitaji maneno mengi. Watani wetu Wapare husema Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Mama yako kweli anahesabu, mwanangu, ila anahesabu vichwa.

*

Mama Vitenge, habari za kazi. Naishi Morogoro, ni mwaka wa nne tangu niolewe. Krismasi iliyopita nilimpelekea mama mkwe doti ya kanga ya zambarau, nilipenda maua yake. Tangu siku ile hanipigii simu. Kwa mume wangu alisema tu, "Mwambie mkeo ujumbe nimeupata." Mwezi uliopita ndipo wifi yangu akanieleza kwamba jina la kanga lilikuwa "Hasidi hana sababu". Naapa kwa Mungu sikulisoma. Nirekebishe vipi?
— Mkwe wa Morogoro

Pole sana mdogo wangu. Barua yako imeniuma kwa sababu mkono wa muuzaji umo humo. Kanga dukani hukunjwa ili ikuoneshe pindo na sehemu ya mji, yale maua ya katikati yanayovuta macho. Jina liko chini ya mji, linabaki ndani ya mkunjo. Mteja anapenda rangi, anauliza bei, anafungiwa kwenye mfuko. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliwauzia watu hivyo. Siku moja mteja wangu alirudi analia, alimpelekea dada yake aliyetoka kuharibikiwa na ujauzito kanga yenye maneno ya kumsema tasa. Kuanzia hapo sikumfungia mtu kanga kabla sijaikunjua yote na kumsomea jina kwa sauti. Nawaomba wauzaji wenzangu mfanye hivyo hasa mwezi huu, maana wanunuzi wengi wa Desemba ni vijana waliokulia mbali na kanga, hawajui kwamba kitambaa hiki kinaongea.

Na kinaongea kweli. Bibi zetu wa pwani walitumia kanga kumwambia jirani, mke mwenza au mume maneno ambayo mdomo usingeweza. Mtu hakukutukana, alijifunga tu akapita mbele ya mlango wako. Ndiyo maana mama mkwe wako hakuona bahati mbaya pale. Aliona umekwenda dukani, umechagua, umelipa, umesafiri nalo, kisha umempa siku ya sikukuu mbele ya watu. Kwa malezi yake hilo ni tusi lililopangwa. Na kama yeye hakusoma, wapo majirani walimsomea.

Usimalize jambo hili kwa simu wala kwa mdomo wa mume wako. Nenda mwenyewe, na uende kabla ya Krismasi, siku ya kawaida isiyo na wageni. Mwambie kwa kifupi: "Mama, niliangalia rangi, sikusoma jina. Nisamehe." Usianze kujitetea kwamba siku hizi watu hawasomi, utamfanya aone unamfundisha.

Kisha mpelekee doti nyingine. Wengi watakushauri ile inayosema "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi". Mimi nakukataza. Nusu ya kwanza ni nzuri, lakini mama mwenye kidonda ataisoma nusu ya pili, na hao watu wa kazi kuishi nao atajua ni yeye. Chukua "Nani kama mama". Haina kona. Ikague pindo lote kama rangi haikuvuja upande wa pili, mpelekee fundi aikate na kuipinda, ili mama aikunjue na kujifunga hapo hapo. Akijifunga mbele yako, yameisha. Akiiweka pembeni, kaa naye, mwoshee vyombo, rudi tena mwezi wa kwanza.

*

Mama, naishi Mwanza. Dada wangu wa kazi anakwenda kwao Singida sikukuu. Nataka kumpa nguo zangu ambazo hazinitoshi na doti ya kitenge, halafu mshahara wa Desemba nimpe akirudi, ili nihakikishe anarudi kweli. Ni sawa?
— Mama wa watoto watatu

Hapana, si sawa, na nakujibu kwa upendo. Mshahara ni wake, ameshaufanyia kazi. Ukiuzuia unampeleka kwa mama yake mikono mitupu ili wewe upate uhakika. Mpe mshahara wote siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya stendi, apate muda wa kununua sukari yake mwenyewe kwa hela yake mwenyewe. Nauli mlipie wewe. Hiyo ndiyo zawadi yenye maana kwake.

Nguo zako mpe siku nyingine yoyote ya mwaka, ukiwa umezifua na kupiga pasi. Krismasi mpe kitenge, tena mpe mapema na hela ya fundi ili ashone kwa kipimo chake. Na ujue kwamba sheria yetu ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, na msaidizi wa ndani ni mwajiriwa. Siku zake za Singida hazikatwi kwenye mshahara. Asiporudi, ujiulize yeye alikuwa akiishije kwako.

*

Mimi ni baba wa Dodoma. Binti yangu amemaliza kidato cha nne Novemba, nilimwahidi simu. Nimeiona moja mtandaoni, muuzaji yuko Kariakoo, bei nusu ya dukani. Anataka nitume hela yote ndipo aiweke kwenye basi.
— Baba Dodoma

Usitume, kaka yangu. Watu wamepokea boksi zuri lenye nailoni yake, ndani mna kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kipimo cha simu. Nimewaona kwa macho yangu wakilia pale Mtaa wa Msimbazi. Na hiyo ni kwa waliofika wenyewe, sembuse aliye Dodoma.

Nunua Dodoma kwenye duka lenye mlango, mtu unayeweza kumrudia. Au mtume ndugu unayemwamini aende kwenye maduka ya Mtaa wa Aggrey mchana, siku ya kazi, si jioni ya tarehe 23. Atakayenunua afanye haya kabla ya kulipa. Aiwashe simu, abonyeze *#06#, itokee namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15. Ailinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha aitume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utamjibu ni simu ya aina gani. Kama jibu linasema aina nyingine na mkononi ana nyingine, airudishe mezani aondoke. Wengine mmesahau, lakini Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na wengi waliozipoteza walikuwa wamezipokea kama zawadi. Aweke laini yake, apige, apigiwe, achaji dakika kumi. Adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka, maana bila hiyo dhamana ni maneno matupu.

Lingine hukuuliza, ila mimi ni mama. Mpe simu pamoja na mazungumzo. Kaeni mezani, mwoneshe namna ya kufunga akaunti zake, mwambie hela na picha haziombwi na mtu anayekutakia mema. Matokeo yakitoka Januari yakiwa mabaya, usimnyang'anye. Ulimpa kwa kumaliza, hukumwekea dau.

*

Shikamoo Mama. Nimepanga Temeke, jirani yangu ni mama Mwislamu. Kila Idi analeta sinia la pilau kwangu. Krismasi mimi huona aibu, sijui kama atakula cha kwangu, basi nampa soda tu. Nifanyeje?
— Mpangaji wa chumba cha mwisho

Marahaba. Anakula, mwanangu, ukimwondolea mashaka. Anachohofia ni nani amechinja na sufuria imepikiwa nini. Kama utachinja kuku au mbuzi, muombe mumewe au kijana wake aje achinje yeye. Katika nyumba nyingi za kupanga tumeishi hivyo tangu tukiwa wadogo na hakuna aliyepungukiwa imani. Kama nyumbani kwako kitimoto hupikwa, basi usitumie sufuria wala mafuta yale. Nunua sufuria mpya, mwambie wazi kwamba ni mpya. Ukiona hilo linakuwia gumu, mpelekee kuku hai amefungwa miguu, pamoja na mchele na viungo, apike mwenyewe. Heshima ni ile ile.

Na lile sinia lake la Idi, natumaini hulirudishi tupu. Hata ndizi nne ziwe juu yake.

*

Mimi ni bibi wa Iringa, mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu. Nimemnunulia mdoli wa kuimba barabarani, 5,000. Mkwe wangu amekataa mtoto asipewe. Nimeumia.
— Bibi

Shikamoo bibi. Naelewa kuumia kwako, lakini kwa hili mkwe yuko sahihi. Geuza huo mdoli. Kama kifuniko cha betri kinafunguka kwa ukucha bila skrubu, na ndani mna vile vibetri vidogo vya duara kama kifungo cha shati, usimpe mtoto. Kibetri hicho kikimezwa na kukwama kooni kinaanza kuunguza nyama ya ndani, na saa mbili zinatosha kuleta jeraha baya sana. Mtoto anaweza asilie wala asitapike mapema. Ikitokea umeshuku tu kwamba amemeza, hospitali hapo hapo, usisubiri kuona. Mpe mjukuu mpira wa kitambaa, kikombe cha plastiki na kijiko cha mbao. Umri huo kupiga kikombe ni ngoma tosha. Au mshonee mdoli wa vitambaa, macho uyatie kwa uzi badala ya vifungo. Mkwe wako atautunza hadi mtoto aoe.

*

Mama Vitenge, shikamoo. Nipo Muskati, mwaka wa pili, nafanya kazi za ndani. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, yuko kwa mama yangu Muheza. Mama anasema nitume hela ya viatu vyeusi vya shule. Mtoto akishika simu ananinong'oneza anataka viatu vya kuwaka taa. Mama anasema hivyo ni upuuzi, vinakufa mwezi mmoja. Na mimi hata namba ya mguu wake siijui. Nilipomwacha alikuwa na miaka mitano. Nisaidie.
— Mama yake

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne.

Nimetoka kumwambia kijana wa Mbagala anunue kilichoharibika nyumbani. Wewe nakuambia tofauti. Mnunulie viatu vya taa. Mama yangu alikuwa mtu mzima mwenye sufuria mbovu. Mwanao ni mtoto ambaye amekukosa Krismasi mbili, na kitu kimoja tu amekuomba, tena kwa kunong'ona. Viatu vyeusi ni haki yake ya Januari pamoja na daftari na sare, viandike kwenye bajeti ya shule, visiitwe zawadi. Vya taa vikifa mwezi mmoja, vimeishi mwezi mmoja mguuni mwake. Mama yako hajakosea kukumbuka shule, yeye ndiye atakayesimama na mwalimu getini. Mtumie hela ya vyote viwili kama mshahara unaruhusu. Kama hauruhusu, vya taa Desemba, vyeusi ukilipwa tena. Shule hufunguliwa Januari, utakuwa umeshapokea.

Kuhusu namba ya mguu, usihangaike na namba, zinatofautiana kiwanda na kiwanda. Mwambie mama amsimamishe mtoto jioni juu ya karatasi ya daftari, maana mguu wa jioni umetanuka kidogo baada ya kukimbia mchana kutwa. Asimame kwa miguu yote miwili, uzito sawasawa. Achore kwa kalamu kuzunguka mguu, kalamu ikiwa wima, mmoja kisha wa pili. Aende dukani Tanga mjini na karatasi ile, aikate kufuata mstari, aitumbukize ndani ya kiatu. Ikilala bila kujikunja na mbele pakabaki upana wa kidole gumba cha bibi, hicho ndicho. Muuzaji akisema "hiki kitatanuka", wasimsikilize.

Na hiyo karatasi, kabla hawajaikata, mama aipige picha pamoja na rula pembeni akutumie. Uitunze kwenye simu yako. Baada ya miezi sita wachore nyingine.

Hela tuma na ya kutolea, mama asipunguze kwenye viatu. Na ufanye mapema, usingoje wiki ya sikukuu. Mama anaweza kuvinunua na kuvificha juu ya kabati.

Huko uliko tarehe 25 ni siku ya kazi kama nyingine. Basi zungumza na mwenye nyumba wako wiki moja kabla, mwombe nusu saa tu ya asubuhi na umwambie ni ya nini. Oman mko mbele yetu kwa saa moja. Mpigie mama simu ya picha saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Muheza, ambayo kwako ni saa kumi na mbili na nusu, wakati chumba bado kina giza. Amvalishe mtoto viatu pale pale kitandani, amwambie ashuke akanyage sakafu kwa nguvu. Utaziona taa.